Kaka anakuja likizo kutoka Ujerumani, mama kapangiwa siku mbili

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri. Naandika kutoka Kalenga, hapa Iringa, na naomba usinione mwenye wivu kabla hujafika mwisho wa barua.

Kwetu tumebaki wawili, mimi na kaka yangu. Yeye alienda Ujerumani kusoma, akapata kazi hukohuko katika mji wa Bremen, akaoa dada wa Tanga ambaye ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wana watoto watatu: mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, na wa mwisho ametimiza 2 na hajawahi kukanyaga Tanzania. Mimi nimebaki hapa na mama. Nina mume, nina watoto wawili, nalima nyanya na vitunguu kando ya Ruaha Mdogo, na nyumba ya mama naiona kutoka mlangoni kwangu. Kaka si mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Hela ya dawa za presha za mama haijawahi kuchelewa.

Watoto wa kaka tumewakuza kwenye simu. Mama ana kitochi, kwa hiyo kila kitu kinaingia kwangu, na mimi natoka mbio kumpelekea. Mkubwa alipong'oka jino la kwanza tulitumiwa video. Mama akauliza, jino wamelirusha paa gani? Nikamjibu wameliweka kwenye kiboksi. Hakuridhika. Mkubwa huyohuyo alipoanza darasa la kwanza ilikuja picha amekumbatia koni ya karatasi inayokaribia kumpita urefu. Mama akadhani ni kofia ya sherehe iliyogeuzwa juu chini, mpaka kaka alipopiga kueleza kwamba ni desturi ya Wajerumani, mtoto anayeanza shule hupewa koni imejaa peremende na penseli. Mwaka jana wa kati alifaulu mtihani wa kuogelea akashonewa beji ya farasi wa baharini. Mama kaitazama picha, kanyamaza, kisha akasema: "Hapa mtoni tunawafukuza wasisogee, kumbe kule wanapewa zawadi."

Tunacheka, lakini siyo kila mara. Mdogo alipozaliwa kaka aliahidi kwa kinywa chake kwamba huyu atabatizwa nyumbani, kanisani kwetu KKKT, mama amshike. Mama alianza kushona kigauni cheupe. Pasaka iliyopita ikaingia picha, mtoto kichwa kinatiririka maji, mchungaji wa Bremen anatabasamu. Hakuna aliyetueleza kabla. Mama alikikunja kile kigauni akakiweka kabatini, na mpaka leo hajakitaja.

Sasa wanakuja, baada ya miaka minne. Wanaingia katikati ya Julai. Kaka ametuma ratiba kwenye grupu la familia, jedwali lenye rangi kama la ofisini. Tanga kwa wazazi wa wifi, wiki nzima. Zanzibar siku tano. Kisha Iringa, wanaingia Jumatatu usiku. Jumanne na Jumatano "Kalenga kwa bibi". Alhamisi hadi Jumapili mbuga ya Ruaha. Jumatatu wanaondoka mbugani moja kwa moja mpaka Dar kupanda ndege. Na kwenye safu ya malazi, zile siku za bibi zimeandikwa hoteli, Iringa mjini. Yaani hata kulala hawalali. Watakuja mchana, wale, wapige picha, warudi mjini.

Mama hajui. Hasomi meseji, na nilichomwambia ni kwamba wanakuja tu. Mengine ameyajaza mwenyewe. Kanisani amewaambia akina mama wenzake kwamba wajukuu watakaa naye. Amenunua magodoro mawili. Ana beberu amemfunga pembeni anamlisha pumba. Ameniambia nisiuze mahindi yote, tuache ya kupukuchua na watoto. Kila akiongeza neno mimi tumbo linanikata.

Kaka alimwalika mama aende nao Ruaha. Mama ni mzaliwa wa Idodi, tembo walikuwa wanamaliza shamba la baba yake wakati wa kuvuna. Alimjibu, "Mimi nilishalala macho kwa ajili ya tembo, wewe unataka nilipe nikawaone?" Basi hilo likaishia hapo.

Mume wangu anasema ninyamaze, ni likizo yao na hela yao. Jirani anasema wifi ndiye kapanga, anatuona wachafu kwa sababu ya choo cha shimo. Mimi sijui. Wifi tunasalimiana vizuri, ila ni salamu za grupu. Nimeandika ujumbe kwa kaka mara nyingi nikaufuta. Binti yangu mkubwa naye kafaulu darasa la saba mwaka jana, yuko kidato cha kwanza, ningependa awaone binamu zake, lakini hayo ni madogo.

Nimweleze mama ukweli, au nimwache afurahi mpaka siku yenyewe? Na kaka nimwambie, au nikaushe?

Dada Aliyebaki, Kalenga

JIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Mama aambiwe. Leo, ukimaliza kusoma hapa. Aliyetangaza kanisani kwamba wajukuu watalala kwake, akaja kuyajua ya hoteli Jumanne jioni wakati gari linageuza kurudi mjini, ataumia mbele ya watu, na ataumia zaidi akijua kwamba wewe ulikuwa unaona beberu akinenepa na hukusema. Msomee jedwali lote jinsi lilivyo, na Tanga yake na Zanzibar yake. Halafu muulize swali moja: katika yote haya, ni kipi ambacho ukikikosa moyo hautatulia? Usimjazie jibu. Wewe umeshaamua kwamba anataka siku nyingi. Mimi nimeisoma barua yako nikaona mwanamke anayetaka mambo mahsusi: mahindi yapukuchuliwe, mtoto ashikwe kanisani, jino lirushwe juu ya paa. Hayo hayahitaji wiki mbili, ila yanahitaji siku zake.

Sasa hiyo ratiba. Naliona kosa lake, na siyo pale unapoliona wewe.

Wiki ya Tanga usiiguse hata kwa mzaha. Wifi yako ana mama naye, na miaka minne aliyokaa mama yako bila wajukuu ndiyo aliyokaa na yule wa Tanga. Ukianza kuhesabu kwao siku ngapi, kwetu ngapi, utakuwa umeihamisha kesi kutoka kwa bibi na wajukuu kuipeleka kwa ukoo na ukoo, na hapo hutashinda wala hutapenda utakavyoonekana. Zanzibar nayo iache. Watu wanaofanya kazi za zamu mwaka mzima, mmoja akikesha na wazee wa watu, wana haki ya kukaa mchangani bila kuulizwa chochote na ndugu.

Na mjue huko waliko mambo ya likizo yanavyokwenda, maana huku tunadhani mtu akitaka anapanda ndege tu. Ujerumani mtoto kwenda shule ni sheria. Mzazi hawezi kumtoa darasani wiki mbili kabla ya kufunga eti wanakwenda kumsalimia bibi. Bila kibali anaweza kupigwa faini. Kwa hiyo familia zote zenye watoto husafiri ndani ya wiki zilezile za majira yao ya joto, na mashirika ya ndege yanalijua hilo. Nauli ya Julai na Agosti kwa watu watano, siku nne au tano za kusafiri zikishaliwa barabarani na viwanjani, kinachobaki lazima kikatwe vipande. Kaka yako hakukaa akasema mama apate makombo. Alikata vipande akiwa ofisini, akitazama ramani.

Kosa liko kwenye mpangilio. Jumanne na Jumatano! Mwisho wa Julai shule zetu zimeshafunguliwa. Binti yako yuko darasani, mdogo wake yuko darasani, watoto wa jirani wote wako darasani. Watoto wa Bremen watafika Kalenga siku ya kazi, wakae kwenye viti vya plastiki wakitazamwa na watu wazima, halafu waondoke. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wenzao wako nyumbani na kanisa limejaa, wao wako Ruaha wakitazama twiga, na twiga haijui Jumapili.

Kwa hiyo usiombe siku ziongezwe. Omba zigeuzwe. Wakiingia Iringa Jumatatu usiku walale hotelini kama walivyopanga, wamechoka. Jumanne waelekee Ruaha, na njia ya Ruaha wewe unaijua, inapita hapohapo kwenu kabla ya kushika Nzihi na Idodi. Wasimame kwa bibi, wale mchana, wasalimiane, waendelee ili wafike getini kabla halijafungwa. Mbugani walale siku tatu badala ya zile nne walizopanga. Ijumaa warudi, na kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumatatu alfajiri wako Kalenga. Hapo mama amepata Jumamosi nzima, Jumapili nzima, na Tanga haijaguswa, Zanzibar haijaguswa, na Ruaha imepungua usiku mmoja tu.

Kuna na faida mbili za kuwaambia wao, kwa sababu ombi lenye faida kwa anayeombwa hupita haraka. Ya kwanza ni barabara. Kutoka ndani ya Ruaha mpaka Iringa ni saa kadhaa za vumbi, na kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 500, unashuka mlima Kitonga nyuma ya malori, unapita Mikumi ambako huwezi kukimbia kwa sababu ya wanyama. Kuyafanya yote hayo siku moja na watoto watatu, mmoja wa miaka 2, halafu upande ndege? Mtu aliyeandika hivyo amesahau Kitonga. Wakiondokea Kalenga alfajiri wamepunguza safari na wamejiwekea nafasi ya pancha. Ya pili ni yule mdogo. Mtoto wa umri ule akikutana na bibi mara ya kwanza atalia, ajifiche kwenye sketi ya mama yake, na bibi atajifanya hajali. Akishamwona Jumanne kwa saa mbili, akarudi Ijumaa, hamwoni tena mgeni. Siku mbili za mfululizo zingeishia kwenye kulia.

Waambie mapema lakini. Julai na Agosti ni kiangazi, wanyama husogea mtoni kutafuta maji na wageni wa Ruaha ni wengi. Kubadili tarehe za kambi wiki moja kabla kunaweza kukataliwa au kutozwa.

Hoteli. Jirani yako amekwambia wifi anawaona wachafu. Huyo jirani amewahi kuongea na wifi? Mama mwenye mtoto wa miaka 2 aliyezaliwa Ulaya ana hofu tatu kabla hajapanda ndege: maji, choo na mbu. Hofu hizo hazitibiwi kwa kununa, zinatibiwa kwa maandalizi. Maji yachemshwe na yawekwe kwenye ndoo yenye koki, ayaone. Choo cha shimo kikiwa kikavu, kina mfuniko na taa, mtoto wa miaka 9 atakizoea kwa siku moja na kwenda kuwasimulia wenzake. Kwa yule mdogo nunueni poti ya plastiki dukani, hamna zaidi. Vyandarua vyenye dawa vifungwe juu ya yale magodoro mapya. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, na Julai ni baridi, lakini hawa watoto watakuwa wametoka Tanga na Zanzibar na watashuka Idodi na mbugani, na miili yao haijawahi kukutana na ugonjwa huo. Wifi ni muuguzi, bila shaka anajua kwamba dawa za kinga huanzwa kabla ya safari na kuendelea baada ya kurudi. Muulize tu, ili ajue mnalifikiria. Na mkumbushe nguo za baridi! Watu wa Ulaya wakisikia Afrika hubeba kaptula, halafu usiku wa Kalenga mwezi wa saba unawashangaza. Za Ruaha zisiwe za bluu iliyokolea wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Baada ya hapo, ikiwa bado anataka kulala mjini na mdogo, alale kwa amani. Hilo liseme wewe mwenyewe, kabla hajalisema. Ombi lenu ni wale wakubwa wawili walale kwa bibi. Mjini ni karibu, mtoto akilia usiku gari linafika. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko mengine yote niliyoandika. Bibi anayetembelewa mbele ya wazazi hubaki mtu wa kusalimiwa. Wazazi wakiondoka, mtoto akaamka asubuhi hana wa kumtafsiria, akataka maji, ndipo anapojua huyu mwanamke ni nani wake. Kiswahili chao kitakuwa cha kuokotaokota. Kitatosha.

Jumamosi usiandae sherehe. Nakujua, na nawajua Wanyalukolo wenzako, mtataka viti na maturubai. Wapeni kazi. Mahindi mliyoyaacha yapukuchuliwe na mikono ya watoto mpaka vidole viume. Kama mama anajua kusuka vikapu vya majani ya milulu, na akina mama wengi wa umri wake huko kwenu wanajua, amkalishe yule wa miaka 6. Na sikiliza hapa: umesema mkubwa alipewa koni alipoanza shule. Huyu wa kati ana miaka 6. Hesabu yangu inaniambia akirudi Bremen Agosti ndiyo anaanza darasa la kwanza, na koni yake inamngoja. Muulize wifi. Kama ni kweli, mama asuke kikapu kidogo cha kuwekea penseli, kiingie ndani ya ile koni kabla ya peremende. Safari hii picha ikitumwa, kutakuwa na kitu cha mama ndani yake. (Msiongeze nyama kavu wala samli kwenye begi. Ulaya hawaruhusu abiria kuingiza nyama na maziwa, wataitupa uwanjani mbele ya mtoto.) Na mtoto wa miaka 6 meno ya mbele huwa yanatikisika. Sitasema zaidi, paa mnalo.

Yule mkubwa mpelekeni makumbusho ya Mkwawa, hapohapo kijijini. Msimpeleke kama mtalii. Aingie na bibi yake. Umri wa miaka 9 unatosha kuelezwa kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilipelekwa Ujerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kabisa kwenye ibara ya 246 kwamba lirudishwe, kwamba halikurudi kwa miaka mingi, mpaka Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen. Bremen! Mji anaopanda tramu kila siku. Likakabidhiwa Kalenga Juni 1954 mbele ya Mtwa Adam Sapi, huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mtoto wenu atakuwa amefanya safari ileile. Kama mama alikuwa mtoto Idodi miaka hiyo, kuna jambo alilosikia kwa baba yake ambalo halimo kwenye kibao cha makumbusho, na hakuna mwalimu wa Bremen atakayeweza kumpa mtoto huyo. Muulizeni wakiwa wamesimama palepale.

Ubatizo. Hapa kaka yako amekosa, na sitamtetea. Aliahidi, akabadilisha, akatuma picha. Inawezekana alikuwa na sababu nzuri, labda safari iliahirishwa wakaona mtoto anakua. Sababu nzuri isiyosemwa haimfikii mtu. Mwambie wewe, kwa simu, kwa sauti, siyo kwenye grupu na siyo siku wanapofika: "Kaka, mama alikuwa anashona kigauni. Picha ilimfikia bila neno." Ukishasema hivyo nyamaza. Usiongeze ya hoteli juu yake, wala ya Zanzibar. Kisha mpe njia ya kurekebisha. KKKT haibatizi mara mbili na msiwasumbue wachungaji kwa hilo, lakini sadaka ya shukrani ipo. Jumapili hiyo familia nzima isimame mbele, kwaya iimbe, bibi amshike mtoto, mchungaji aombe. Kigauni kama kimeshakuwa kidogo kisivaliwe kwa nguvu, mama atajua la kukifanyia. Ongea na mzee wa kanisa mapema ili jina liingie kwenye matangazo. Na baada ya ibada kuna mnada. Wapeni wale wawili hela ndogo mkononi waachiwe wapandishe bei ya jogoo. Nawahakikishia, mkiuliza watoto hao mwakani wanakumbuka nini Tanzania, jogoo atamtangulia simba.

Ruaha mama asilazimishwe. Jibu lake kuhusu tembo ni jibu kamili. Kaka akiliona kama ukaidi, mwambie kwamba hao wanyama wanaotazamwa na wageni kutoka juu ya gari, mama yenu aliwafukuza kwa miguu, usiku, kwa kupiga madebe. Huenda watoto wakipanda gari Jumanne wakiwa wameshasimuliwa hilo na bibi, watawatazama tembo kwa jicho jingine.

Sasa nije kwako. Barua yako ni ndefu. Jino la mtoto wa kaka limepata mistari yake, koni imepata, beji ya kuogelea imepata. Binti yako aliyefaulu darasa la saba amepata nusu sentensi mwishoni, ukaifuta palepale kwa kusema hayo ni madogo. Nani alikwambia ni madogo? Wewe ndiye unayekimbia na simu kumpelekea mama furaha za nyumba nyingine. Nani anakimbia na za kwako? Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulianza kwa kuniomba nisikuone mwenye wivu. Sikuoni hivyo. Nakuona umechoka kuwa mjumbe, na umeanza kuamini kwamba makuzi ya mtoto huwa makubwa yakitoka mbali.

Jumapili hiyohiyo ya shukrani, binti yako asimame mbele pia. Amevaa sare yake. Shukrani iwe ya wajukuu wote watano wa bibi, na jina lake litangazwe kwa sababu yake yenyewe, siyo kama msindikizaji wa wageni. Hilo usimwombe kaka wala wifi ruhusa, ni la kwako na mchungaji. Na tangu sasa, picha za wanao ziende kwenye grupu na maelezo yake, siyo picha tupu. Watu wa mbali hawajui kidato cha kwanza kimegharimu nini, kama mama asivyojua koni ni nini mpaka aelezwe.

Ujumbe wa kubadili siku usimtumie kaka. Mtumie wifi, yeye binafsi, nje ya grupu. Kama ndiye aliyepanga, utakuwa umefika penyewe. Kama siye, atafurahi kuulizwa na atamsukuma mumewe vizuri kuliko wewe. Unaweza kuandika hivi, kwa maneno yako:

"Wifi yangu, habari za zamu. Ratiba tumeiona, tumefurahi. Nina ombi: mnaonaje mkianza na Ruaha Jumanne, mkaja kwa mama Ijumaa mpaka Jumatatu? Shule zetu zimefunguliwa, Jumamosi ndiyo watoto watakutana, na Jumapili tunataka kutoa shukrani kanisani. Safari ya Dar pia itakuwa fupi. Wewe na mdogo mkipenda kulala mjini hakuna neno, ila tunaomba wale wakubwa walale kwa bibi, vyandarua na maji ya kuchemsha vipo. Niambie unachohofia nikiandae. Na huyu wa kati anaanza shule Agosti? Mama anataka kujua."

Kisha mpigie. Wakati huu wa joto lao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo kinachowatenganisha ni zamu zake za usiku. Muulize ni siku gani anaamka mchana, umpigie akiwa ameshakunywa chai.